Kupiga Window Hakufungui Kompyuta Iliyofungwa

Ukitoka Ijumbi na kompyuta ya zamani inayowaka, ikaomba neno la siri, kisha ikasimama papo hapo kwa sababu aliyeliweka amehama au amesahau, utaipeleka kwa fundi Muleba mjini au Bukoba. Jibu utakalolipata unaweza kulibashiri ukiwa bado njiani: "Hii, mwalimu, tupige window tu." Fundi asiposema hivyo atasema mashine imekufa, tafuta nyingine. Kauli hizi mbili zimekuwa hekima ya mtaani, na zote zinachukulia kwamba vilivyomo ndani vimekwisha kupotea. Mimi nasema mara nyingi havijapotea, na kwamba tiba ya kwanza inayotolewa haigusi hata ugonjwa wenyewe.

Neno linaloombwa kabla Windows haijaonekana linasimamiwa na bayosi, ile programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Nyaraka zako, yaani barua, orodha za majina, alama za mitihani, ziko kwenye diski, na diski ni kifaa kingine kabisa kilichoshikiliwa na skrubu chache na waya mbili. Kupiga window ni kuifuta diski na kuiwekea Windows mpya. Neno la bayosi halikai kwenye diski. Fundi atalazimika kuichomoa diski, aifute kwenye mashine nyingine, airudishe, na kompyuta ikiwashwa itaomba neno lilelile. Ni sawa na kuchoma magunia ya kahawa kwa sababu ufunguo wa ghala umepotea, halafu kukuta kufuli bado limefungwa.

Kuna neno jingine, la kuingilia Windows yenyewe, na nadhani mkanganyiko umeanzia hapo. Hilo kweli limehifadhiwa kwenye diski, na kupiga window kutaliondoa. Lakini hata kwa hilo kufuta si lazima: diski ikiunganishwa na kompyuta nyingine, au mashine ikiwashwa kwa flashi yenye mfumo wa Linux, kwa kawaida mafaili yanasomeka na kunakiliwa.

Turudi kwenye bayosi. Mwaka 1984 IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC/AT, iliiwekea kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ili itunze saa na mipangilio hata umeme ukikatika. Kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 1990 zilihifadhi humo humo na neno la siri. Ndiyo sababu kwenye mashine za aina hiyo kuchomoa waya wa umeme, kutoa betri ya duara ya saa (mara nyingi ni CR2032, ya volti 3) na kusubiri dakika kadhaa kunatosha kulifuta. Tarehe itarudi nyuma miaka mingi, basi. Wakati mwingine betri huisha yenyewe stoo, na mashine iliyotangazwa kufa ikafunguka bila mtu kufanya lolote.

Waliotengeneza mashine za baadaye walihamishia neno hilo kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri, lakini wengi wao waliacha njia kwa mwenye mali. Fungua kifuniko cha Dell OptiPlex nyingi za zamani, utaona kwenye ubao pini zilizoandikwa PSWD, zikiwa na kizibo kidogo cha plastiki. Ukikitoa kizibo hicho na kuwasha mashine, neno linafutika. Kwenye HP Compaq nyingi za mezani alama yake ni E49. Maelezo haya yamechapishwa katika vitabu vya mwongozo vya kampuni zenyewe, maana walijua binadamu husahau.

Kompyuta mpakato ni kesi ngumu zaidi. Nyingi hulitunza neno katika chipu ambayo kutoa betri hakuitikisi. Kwa ThinkPad, neno la msimamizi likipotea, msimamo rasmi wa kampuni ni kubadilisha ubao mama, na kwa mashine kuukuu gharama hiyo haina maana. Hapo anayesema "imekufa" amekaribia ukweli. Lakini kilichokufa ni mashine. Diski yake ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya kubadilishia, nyaraka zitatoka.

Wapo ambao mlango wao umefungwa kweli. Diski iliyowekewa neno lake yenyewe itakataa kusomwa popote. Diski iliyosimbwa kwa BitLocker, mfumo wa usimbaji ulioanza na Windows Vista, nayo itadai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na asiye nao hana njia. Kwenye mashine kuukuu hali hizi ni nadra, na ukiichomeka tu diski utajua.

Wengine hupinga kwa hoja nzito zaidi: ukiwafundisha watu haya, unawasaidia wezi. Lakini mwizi analo bisibisi tayari. Asiyejua ni mwenye mali, ambaye huuza chakavu kwa imani kwamba "imefungwa", kumbe diski ndani yake imebeba majina ya wagonjwa au madeni ya wanachama. Imani hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko fundi yeyote, hasa sasa ambapo tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na anayefungua kisicho chake kwa makusudi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamngoja na faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Fundi ana haki ya kudai risiti au barua ya ofisi kabla ya kugusa bisibisi.

Kwa watu wa Ijumbi na vijiji jirani jambo hili si la anasa. Mkulima wa kahawa anayedai malipo ya msimu uliopita anategemea kilo zilizoandikwa na mhasibu wa chama cha msingi. Mhitimu aliyepoteza cheti anategemea orodha ya shule. Kwa hiyo mwambie fundi atoe diski kwanza, mbele yako, anakili kilichomo, ndipo mzungumze habari za ubao na betri. Na mhasibu au mkuu wa shule anapohama, hati ya makabidhiano inayohesabu madawati, mihuri na funguo za stoo itaje pia bahasha yenye neno la siri la kila kompyuta, ifungwe, isainiwe na wote wawili, iwekwe kabatini.