Ukoma si laana, wasee

Kitale nimeambiwa ukoma ni laana ya ukoo. Bungoma nikaambiwa ni uchafu. Zii. Kuna kipimo kinaonyesha ni stori ya seli.

Kinaitwa lepromini, na Mjapani Mitsuda alikieleza mwaka wa 1919. Bakteria wa ukoma waliouawa wanadungwa kwa ngozi ya mkono, halafu unangoja wiki 3 au 4. Kama seli zako za kinga zinapigana, panatokea kinundu. Kwa mwenye ukoma uliosambaa mwilini, hapatokei kitu. Bakteria ni wale wale! (Hata mtu mzima anaweza kutoa kinundu, kwa hivyo sindano hiyo haisemi nani mgonjwa, inasema tu mwili unajibu vipi.) Siku hizi maabara zinaweza kuchukua damu na kupima interferoni gama, kemikali ambayo seli T hutoa zikimtambua adui.

Sasa laana inaingilia wapi hapo? Chuo niliacha, lakini hii haitaki digrii.

Kinachoniuma ni aibu. Mtu anaficha baka mpaka neva zinaharibika, na ganzi ikishakaa vidoleni dawa haiirudishi nyuma. Hapo jirani Busia tuko na Alupe, ilianza kama kituo cha ukoma enzi za mkoloni, na bado tunanong'ona! Dawa Shirika la Afya Duniani linatoa bure tangu 1995, unameza miezi 6 au 12.

Beshte yako akiwa na baka lililopauka, lisilosikia hata ukiligusa na pamba, mpeleke hospitali wiki hii. Maombi yataendelea akiwa kwa dawa.