Kipimo cha damu chaonya, lakini hakitoshi kuokoa mguu

IDADI ya watu wenye ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya damu ya miguuni ilikadiriwa kufikia milioni 202 duniani kote mwaka 2010, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Takwimu hizo zinapingana na dhana iliyozoeleka kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Magharibi. Dalili yake kuu ni maumivu ya kigimbi yanayomshika mtu anapotembea na kumwachia anapopumzika, na wengi huyahesabu kuwa ni uchovu au uzee. Wengine hawaoni dalili yoyote hadi wanapopata kidonda kisichopona, na hapo mazungumzo huwa ni ya kukatwa mguu.

Ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakitafuta ndani ya damu ishara inayotangulia madhara hayo. Mafuta yanapojikusanya katika kuta za mishipa, chembe nyeupe za damu huvamia eneo hilo na kuta hizo huvimba. Mapambano hayo huzalisha kemikali iitwayo interlukini-6, ambayo huchochea ini kutoa protini ya CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930.

Uthibitisho mzito ulitolewa nchini Marekani mwaka 2001. Watafiti waliwafuatilia madaktari wanaume 14,916 waliokuwa na afya njema, na katika muda wa wastani wa miaka 9, 140 kati yao walipatwa na ugonjwa huo. Waliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha CRP tangu mwanzo walikabiliwa na hatari karibu mara tatu ya wale wenye kiwango kidogo zaidi.

Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. CRP hupanda pia kwa sababu ya malaria, nimonia, unene uliokithiri na uvutaji wa sigara. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2003 ulielekeza kwamba kiwango kinachozidi miligramu 10 kwa lita kisitumiwe kupima hatari ya moyo na mishipa, bali itafutwe kwanza chanzo kingine, kisha mtu apimwe upya.

Kwa miji ya Afrika Mashariki, ambako maambukizi bado ni mengi, tahadhari hiyo ina uzito wa pekee. Mgonjwa anaweza kulipia kipimo hicho akapewa namba kubwa inayomtia hofu bila kumweleza kama mishipa ya mguu wake imeziba.

Swali hilo hujibiwa kwa njia rahisi zaidi. Daktari hupima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kuligawanya kwa lile la mkono. Jibu la 0.90 au pungufu huashiria mshipa ulioziba. Kwa wenye kisukari ambao mishipa yao imekakamaa, kipimo hicho huweza kudanganya, na hivyo hupimwa kidole gumba cha mguu.

Je, kuutuliza uvimbe huo kunasaidia? Mwaka 2017, utafiti wa dawa ya canakinumab kwa watu 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo ulionyesha kuwa matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15. Lakini vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka, na idadi ya vifo vyote kwa ujumla haikupungua.

Kwa hiyo, vipimo vya uvimbe katika damu vina nafasi yake, hasa katika utafiti, ila visitangulizwe mbele ya mambo yaliyokwisha kuthibitika: kuacha sigara, kudhibiti kisukari, shinikizo la damu na lehemu, kufanya mazoezi ya kutembea, na kukagua miguu kila siku. Hospitali yenye uwezo mdogo itaokoa miguu mingi zaidi ikianza na kifundo cha mguu kabla ya kufikiria maabara.