Elimu Kuhusu Waafrika Isomwe na Waafrika

Taaluma za Afrika, yaani uwanja wa kielimu unaochunguza historia, lugha, fasihi na mila za watu wa bara hili pamoja na vizazi vyao vilivyotawanyika ng'ambo, zilikua kwa kiasi kikubwa chini ya kivuli cha ukoloni. Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa Berlin mwaka 1887 iliwafundisha Kiswahili maofisa waliotumwa kutawala Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hata hivyo, kitabu *Desturi za Wasuaheli* kilipochapishwa mwaka 1903, kilitoka kwa jina la Carl Velten, mwalimu Mjerumani wa seminari hiyo, ingawa sehemu kubwa ya maelezo yake ilitokana na Mtoro.

Mfumo huo wa elimu uliolelewa na ukoloni ulikuja kupingwa pande zote mbili za Atlantiki. Mwaka 1968 wanafunzi wa San Francisco walianza mgomo wa miezi kadhaa uliozaa idara ya taaluma za watu weusi, na mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika, ikiwamo fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Chuo cha Dar es Salaam nacho kiliwatuma wanafunzi kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji.

Harakati hizo zilimbadilisha anayeuliza maswali, lakini hazikumbadilisha vya kutosha anayesoma majibu. Tafiti nyingi za historia na sosholojia nchini Tanzania bado huandikwa kwa Kiingereza, hivyo wengi wa wale ambao maisha yao ndiyo yanayoelezwa hawana njia ya kuzisoma wala kuzikosoa. Wanaotetea utaratibu huu husema kwamba Kiingereza humwezesha mtafiti wa Dar es Salaam kujadiliana na wenzake wa Accra na Chicago, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kuzungumza na walio mbali hakulazimishi kuwanyamazia walio karibu. Kwamba Kiswahili kinaweza kubeba nadharia ni jambo lililokwisha kuthibitishwa na tasnifu za isimu na fasihi zinazoandikwa kwa lugha hiyo katika chuo hichohicho cha Dar es Salaam.

Kwa hiyo, kila utafiti unaohusu jamii ya Waswahili au ya wazungumzaji wa Kiswahili unapaswa kuwa na toleo la Kiswahili, na toleo hilo lisomwe na kujadiliwa na jamii husika kabla ya hitimisho kuidhinishwa. Hilo si suala la hisani. Mzee anayejua mpaka wa shamba la ukoo wake au sababu ya jando kubadilishwa ndiye mwenye uwezo wa kugundua kosa ambalo mtahini wa chuoni hawezi kuliona, na elimu iliyomnyima nafasi ya kulisahihisha haijakamilisha uthibitisho wake.