MAMBO YA NYUMBANI: Ubao wa Mchago Uliovikwa Nguo

Ukuta ulio nyuma ya kichwa cha mtu alalaye haukai safi siku nyingi. Mafuta ya nywele huacha doa, chokaa nayo hushika mtoni na katika shuka. Na katika nchi za baridi kama Limuru au Molo, ubaridi wa mawe humwingia shingoni mtu akaaye kitandani jioni kusoma gazeti lake. Ndiyo sababu watu wengi hupenda kuweka ubao kichwani pa kitanda na kuuvika nguo yenye kitu laini ndani yake. Watu wa pwani wana jina la kila kiungo cha kitanda: miguu ni matendegu, miti ya urefu ni mifumbati, ya upana ni vitakizo, na upande wa kichwa ndio mchago. Basi hakuna haja ya kutafuta jina geni. Kitu hiki na kiitwe ubao wa mchago.

Mafundi wa kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, huzitengeneza mbao hizi kwa ustadi. Huzivika mahameli, wakaivuta nguo kwa vifungo vilivyozama ndani, kisha wakaipigilia nyuma kwa misumari midogo. Hupendeza macho. Lakini mwenye kukaa katika chumba cha kupanga yafaa afikiri kwanza juu ya kunguni. Mdudu huyu ni bapa, hupita katika ufa mwembamba kama unene wa kadi, naye hupenda kujificha karibu na mahali anapolala mtu, hasa katika mishono, mikunjo na matundu ya misumari. Aweza kukaa miezi kadhaa bila chakula. Nguo iliyopigiliwa misumari haivuliki wala haifuliki. Hivyo mwenye ubao huwa amewajengea kunguni nyumba njema karibu na sikio lake mwenyewe, tena kwa gharama yake. Wala dawa peke yake si ya kutumainiwa. DDT ilisifiwa sana baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, lakini haikupita miaka mingi kunguni wa nchi nyingi wakawa wameizoea. Joto kali ndilo liwashindalo: nguo ikifuliwa kwa maji ya moto wa digrii 60 za Sentigredi, ambayo mkono hauyavumilii, wao hufa pamoja na mayai yao.

Kwa hiyo nguo ya ubao na ishonwe kama foronya, ipate kuvuliwa na kufuliwa.

Kwa kitanda cha upana wa futi 4, ubao wa upana huo huo na kimo cha futi 2 watosha. Plaiwudi ya unene wa nusu inchi ndiyo ifaayo, kwani iliyo nyembamba zaidi hupindika. Kipande kizima huuzwa kikiwa na futi 8 kwa 4, nacho hutoa mbao nne kamili. Majirani wanne wakichanga fedha hakuna kitakachopotea. Miguu ni miti miwili ya inchi 2 kwa 1. Apime kutoka sakafuni hata juu ya godoro, atoe inchi 2, na hapo ndipo ukingo wa chini wa ubao uanzie, ili mto usiteleze ukaanguka nyuma. Godoro likiwa juu kwa inchi 22, miguu itakuwa ya inchi 44. Miguu ifungwe nyuma ya ubao kwa skrubu. Kisha ubao wote upigwe msasa, matundu na nyufa zizibwe, upakwe rangi ya mafuta mbele na nyuma. Mafundi wengi huacha nyuma bila rangi kwa kuwa hakuonekani. Lakini kunguni hukuona.

Cha kuweka mbele ni sponji ya inchi 2, iliyofungwa kwa tepe mbili zinazozunguka ubao. Sufi ni laini na nyepesi, ila huporomoka chini baada ya muda usipoishona mistari mingi, na mistari hiyo ni maficho mengine. Blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne si la kudharauliwa: haliporomoki, nalo laweza kufuliwa.

Nguo iwe ya pamba yenye nguvu, kama drili. Kabla ya kukatwa ilowekwe katika maji ya moto na kukaushwa, maana nguo mpya ya pamba hurudi, na foronya iliyorudi haitavalika tena. Vikatwe vipande viwili, kila kimoja inchi 53 kwa 30. Cha nyuma chaweza kuwa marekani ya bei rahisi. Vishonwe pande tatu, upande wa chini uachwe wazi na kupindwa, ushonewe tepe sita za kufungia. Foronya huvishwa kutoka juu, miguu ikatokea chini. Wako wapendao kutumia khanga kwa upande wa mbele, nayo yatosha kwa ukubwa. Lakini maneno yake yataangukia nyuma ya mto, na pengine hilo ni jema, kwa kuwa si kila neno la khanga lafaa kusomwa na wageni.

Mwisho, miguu ifungwe katika kitakizo kwa bolti mbili kila upande, wala si kwa misumari. Kati ya ubao na ukuta iachwe nafasi ya kupitisha mkono wenye taa, ili nyuma pakaguliwe kila shuka zinapobadilishwa. Na siku ya kuhama, bolti nne zikifunguliwa, ubao hulala juu ya mzigo kama meza iliyokunjwa.