Mashine ya Kuoshea Vyombo Ughaibuni: Ununue au Usubiri?

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja Mtanzania anayeishi na familia yake katika mji wa Reading, Uingereza. Mama huyu hufanya kazi za zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe hufanya kazi mchana. Wana watoto watatu, na anasema sinki la jikoni kwake haliishi vyombo. Akirudi asubuhi anakuta sufuria za jana, akiamka jioni anakuta vikombe na sahani za mchana.

Anatamani kununua mashine ya kuoshea vyombo, ya bei nafuu. Mumewe anasema fedha hiyo ni ya karo ya mdogo wao aliyeko sekondari nyumbani, tena mama zetu walisugua sufuria kwa majivu na wala hawakulalamika. Mama anauliza: "Je, nikiinunua nitakuwa nimekuwa mvivu? Na nikiamua kununua, nitafanyaje ili isinifilisi?"

Maswali ni mawili, nasi tutayajibu yote mawili.

JE, NI UVIVU?

Ni kweli mama zetu walisugua sufuria kwa majivu. Lakini tukumbuke kwamba hawakuwa peke yao. Walikuwapo mabinti wakubwa, shangazi, mawifi na majirani, na wengine walikuwa na msichana wa kazi. Mama aliyeko ughaibuni hana hata mmoja wa hao. Anatoka kuwageuza wazee kitandani usiku kucha, kisha anasimama tena mbele ya sinki. Kumwambia mama wa namna hiyo kwamba anatafuta uvivu ni kumwonea.

Tena ni vizuri kujua kwamba mashine hii ilitokana na juhudi za mwanamke. Josephine Cochrane, Mmarekani wa jimbo la Illinois, alifiwa na mumewe mwaka 1883 akaachiwa madeni. Hakukata tamaa. Alibuni mashine iliyorusha maji yenye nguvu juu ya vyombo vilivyopangwa katika vikapu vya waya, akapata hataza yake Desemba 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Mashine za leo bado zinafuata wazo hilohilo.

Hata hivyo, baba naye ana hoja. Karo ina tarehe yake. Vyombo vinaweza kusubiri hadi jioni, lakini mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, muhula haumsubiri. Kwa hiyo swali lenye maana ni hili: je, familia hii inaweza kumpumzisha mama bila kumnyima mtoto karo? Tuhesabu pamoja.

UKUBWA NA BEI

Huko Uingereza utakuta mashine za aina tatu. Ya kwanza ni kubwa, yenye upana wa sentimeta 60. Hubeba vyombo vya watu 12 hadi 14. Ya pili ni nyembamba, sentimeta 45, ya watu 9 au 10. Ya tatu ni ndogo ya kuweka juu ya meza, ya watu 6 hivi. Kwa familia ya watu watano yenye jiko dogo, ile ya sentimeta 45 yatosha. Ile ya mezani isikudanganye kwa udogo wake. Mara nyingi bei yake hukaribia ya zile kubwa, na sufuria ya wali haiingii vizuri.

Mashine mpya za bei ya chini huanzia pauni 200 hivi. Zilizotumika zinapatikana kwa nusu ya bei hiyo au pungufu. Angalia pia kama ni ya kusimama yenyewe au ya kufichwa ndani ya kabati. Mpangaji achague ya kusimama yenyewe, kwa maana siku ya kuhama ataondoka nayo.

Ukinunua mpya, soma kile kibandiko cha rangi kinachoonyesha matumizi ya umeme. Tangu Machi 2021 kinatumia herufi A hadi G, bila alama za kujumlisha za zamani. Kwa hiyo mashine mpya yenye herufi E si lazima iwe mbaya kuliko ya zamani iliyoandikwa A+. Vipimo vimekuwa vikali zaidi.

GHARAMA YA KILA SIKU

Programu iliyoandikwa Eco hutumia maji lita 9 hadi 12 hivi, na umeme chini ya uniti moja. Koki ya jikoni ikiachwa wazi kwa dakika kumi hutoa lita 60 au zaidi. Kwa upande wa maji, basi, mashine iliyojaa haina hasara.

Tupige mfano. Tuseme mashine inakula uniti 0.8, na uniti moja ni peni 25. Hapo umeme ni peni 20. Weka peni 10 za kidonge cha sabuni, na peni 5 za maji na chumvi. Jumla ni peni 35. Ukiosha mara moja kila siku kwa siku 30, ni pauni 10 na nusu. Chukua bili yako ya umeme ufanye hesabu hiyo kwa bei unayotozwa wewe. Halafu toa gharama ya sabuni na maji ya moto unayotumia sasa, maana kuosha kwa mkono nako si bure.

Onyo moja: ukiiwasha ikiwa nusu, gharama ya kila sahani huongezeka maradufu. Nyumba ya watu wawili wanaokula nje mchana haina haja ya mashine hii. Beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, zinawatosha.

WAPI PA KUNUNUA KWA UNAFUU

1. Maduka ya hisani. Mashirika kama British Heart Foundation yana maduka yanayouza samani na vyombo vya umeme vilivyotumika, ambavyo vimekwisha kupimwa usalama wa umeme.

2. Mashine zenye mikwaruzo. Wauzaji wengi huuza kwa punguzo mashine mpya zilizobonyea ubavuni. Ubavu huo ukikaa upande wa kabati, nani ataujua?

3. Punguzo la mwisho wa Novemba na baada ya Krismasi. Andika bei ya mashine unayoitaka miezi miwili kabla, ili utambue kama kweli imeshuka.

4. Kwa mtu binafsi. Hapa ndipo bei huwa chini kabisa, na hatari nayo huwa kubwa zaidi.

Ukinunua kwa mfanyabiashara, hata kitu kilichotumika, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukirudisha na kudai fedha yako kikionekana na kasoro ambayo hukuambiwa. Ukinunua kwa mtu binafsi, unachoweza kudai ni kwamba kitu kilingane na maelezo aliyoyatoa. Kwa hiyo tunza risiti, na maelezo hayo yawe kwa maandishi.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi. Mwombe mwenyewe aiwashe ukiwapo. Sikiliza: maji yaingie, yapige kwa nguvu, kisha yatoke yote. Fungua mlango unuse. Harufu ya kuungua ni sababu ya kuaga. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango uone kama umepasuka. Toa kichujio kilicho chini na uangalie kama kimevunjika. Zungusha kwa mkono mikono ile inayorusha maji. Tazama kama vikapu vina kutu. Mwisho, nakili namba ya modeli iliyo ukingoni mwa mlango, uihakikishe katika orodha ya serikali ya bidhaa zilizorudishwa viwandani kwa sababu za usalama. Mashine za kuoshea vyombo zimewahi kurudishwa kwa hatari ya kushika moto.

JIHADHARI NA MKOPO

Yapo maduka yanayokubembeleza uchukue leo ulipe kidogo kidogo kila wiki. Pauni chache kwa wiki huonekana si kitu, kumbe mwisho wake ni mzigo. Tangu Aprili 2019, mamlaka ya kusimamia huduma za fedha nchini Uingereza imeweka kikomo kwa mikopo ya namna hii: gharama ya mkopo isizidi bei ya chombo chenyewe. Hiyo ina maana kwamba mashine ya pauni 250 bado inaweza kukugharimu hadi pauni 500! Rahisi ghali, mama.

KUIFUNGA NYUMBANI

Kama umepanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kwanza. Mashine inahitaji vitu vitatu: bomba la maji baridi, mahali pa kumwagia maji machafu chini ya sinki, na soketi yake yenyewe. Usitumie waya wa kurefushia umeme. Kama mashine ya kufulia iko karibu na sinki, fundi anaweza kuweka kiungo cha njia mbili ili zote zitumie bomba moja. Uliza bei ya fundi na ya usafiri kabla ya kununua, maana mashine hizi zina kilo 30 hadi 50.

Reading na London ni sehemu za maji magumu, yale yanayoacha ukoga mweupe ndani ya birika. Jaza chumvi maalumu ya mashine kwenye tundu lake. Usitie chumvi ya mezani, itaharibu kilainisha maji. Kichujio kisafishwe kila wiki.

VYOMBO VYETU NA MASHINE

Sufuria zetu za aluminiamu usiziingize. Sabuni ya mashine ni kali, huzitia weusi. Mwiko, kinu, chungu, ubao wa kukatia na visu vikali navyo vioshwe kwa mkono. Ukoko wa ugali au wa wali uloweke kwanza, kisha ukwangue. Sahani huna haja ya kuzisuuza, ondoa makombo tu. Vidonge vya sabuni viwekwe juu, mbali na watoto, kwani vinaunguza kinywa na macho.

Tena vikosi vya zimamoto vya Uingereza hushauri mashine isiachwe ikifanya kazi watu wakiwa wamelala au wametoka. Programu ya Eco huchukua saa tatu au zaidi. Basi iwashwe mara baada ya chakula cha jioni, na baba aliyebaki na watoto aizime kabla ya kulala.

UKIRUDI NYUMBANI JE?

Mashine ya Uingereza inatumia umeme na plagi zinazolingana na za Tanzania, Kenya na Uganda. Ya Marekani ni ya volti 120, kwa hiyo iache hukohuko. Lakini fikiria maji. Mashine nyingi zinahitaji msukumo wa bar 0.5, yaani tangi lililoinuliwa mita 5 hivi juu ya mashine. Palipo na mgao wa maji, utabaki na kabati la kutunzia sahani.

SHAURI LETU

Mama, sisi tunaona hivi. Karo ilipwe kwanza, tena kwa ukamilifu. Kisha wewe na mzee mkae chini mkubaliane kutenga pauni 15 kila mwezi. Baada ya miezi 8 mtakuwa na pauni 120, fedha inayoweza kununua mashine nzuri iliyotumika na kuanza kumlipa fundi. Msikope.

Lakini miezi 8 hiyo usiipitishe peke yako mbele ya sinki. Mtoto wa miaka minane aweza kuosha vikombe, na wa miaka kumi na miwili aweza kuosha sahani zote. Baba aliyesema mama zetu hawakulalamika, naye ashike sufuria zamu zako za usiku. Hata mashine ikija, zamu hizo ziendelee, kwa maana mashine haijipakii wala haijipakui. Kama ni wewe peke yako utakayeijaza na kuitoa, utakuwa umepata kazi nyingine tu.

Kupanga ni kuchagua. Nyumba iliyopanga vizuri inaweza kumsomesha mtoto na kumpa mama saa moja ya usingizi.