Vipaumbele vya mkuu wa mkoa Pemba: siku kati ya mtini na fedha

KILA mwaka wa fedha wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar unapoanza mwezi Julai, wakuu wa mikoa miwili ya Pemba, Kaskazini na Kusini, huwa na orodha ndefu mezani. Kuna shule, vituo vya afya, maji, usafi wa miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani, na juu ya yote kuna usalama. Lakini Julai hiyo hiyo ndipo msimu wa karafuu unapoanza kufunguka. Kalenda ya ofisi na kalenda ya mkarafuu hukutana mwezi mmoja, na kile ambacho kiongozi anakipa nafasi ya kwanza katika wiki hizo huamua mwaka utakuwaje kwa mkulima na kwa mfanyabiashara mdogo anayemtegemea.

Kwa muda mrefu, jambo la kwanza kutangazwa msimu unapofika limekuwa ni vita dhidi ya magendo. Vikosi huwekwa kwenye bandari bubu, boti za doria huzunguka, na masheha huagizwa kuwa macho. Sababu inaeleweka. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na pwani ya Kenya iko karibu kiasi kwamba mashua inayotoka kaskazini ya kisiwa usiku huweza kufika Shimoni kabla ya mchana. Kila gunia linalovuka kwa njia hiyo ni fedha za kigeni zilizopotea.

Suali ni kama kipaumbele hicho, kikiwa peke yake, kinaleta matokeo yanayotarajiwa.

Historia inajibu

Karafuu zimekuwa uti wa mgongo wa Pemba tangu kimbunga cha Aprili 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama. Tangu wakati huo kila serikali imetaka kujua zao hili linapita wapi. Katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964 adhabu za magendo zilikuwa kali mno, hata kifo kilikuwamo katika sheria. Hata hivyo karafuu ziliendelea kuvuka bahari, kwa sababu bei ya ndani ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya nje.

Mabadiliko makubwa yalionekana mwaka 2011. Serikali ilipandisha bei ya kilo moja ya karafuu za daraja la kwanza hadi shilingi 15,000, na ikaweka sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Vikosi vilikuwapo mwaka huo pia, na vilifanya kazi yao. Lakini mkulima anapopata bei inayokaribiana na ya ng'ambo, hana sababu ya kuhatarisha mali na maisha yake baharini usiku. Bei ilifanya kazi ambayo bunduki peke yake haikuiweza kwa zaidi ya miaka 40.

Hapa lazima isemwe wazi kwamba mkuu wa mkoa hapangi bei ya karafuu. Bei inatangazwa na serikali kuu, na ununuzi ni kazi ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC. Soko la dunia nalo linategemea sana Indonesia, nchi inayozalisha karafuu kuliko nyingine zote na kuzitumia nyingi yenyewe katika sigara zake. Mkulima anayemlaumu mkuu wa mkoa kwa bei anagonga mlango usiokuwa wake.

Pengo la wiki moja

Kuna jambo jingine, tofauti na bei, ambalo liko ndani ya uwezo wa viongozi wa mkoa, wilaya na mabaraza ya miji. Nalo ni muda.

Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, na hutaka ujira wake jioni ile ile. Baada ya kuchuma kuna kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo yake, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na kina mama. Kisha karafuu huanikwa. Jua likiwa zuri zitachukua siku nne au tano kukauka, na mvua ikiingia zitachukua zaidi. Kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja kavu. Baada ya hapo ndipo mzigo unapelekwa kituoni, unapimwa, unapangiwa daraja, na mkulima anaona fedha.

Kwa hiyo mkulima anatoa fedha kila siku kwa wiki nzima kabla ya kupokea hata senti moja. Mwenye akiba hupita salama. Asiye na akiba hukopa dukani, au huuza karafuu mbichi kwa bei ya kutupa, au hukodisha mikarafuu yake maua yakiwa bado mtini. Mfanyabiashara wa magendo analijua pengo hili vizuri. Mara nyingi hahitaji kutoa bei kubwa kuliko ya shirika. Anahitaji kufika shambani mapema na fedha taslimu mkononi.

Kiongozi anayetaka kuzuia magendo angepima kazi yake kwa kipimo kimoja: ni siku ngapi zinapita kati ya karafuu kutoka mtini na fedha kufika mkononi mwa mwenye shamba?

Yanayowezekana ndani ya mwaka mmoja

La kwanza ni barabara za ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 baadhi ya barabara za vijijini Pemba, ikiwamo ya Bahanasa–Daya–Mtambwe, zilitiwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani kupitia MCC. Lakini mashamba mengi yako juu ya vilima na ndani ya mabonde ambako gari haifiki mvua ikinyesha. Kufukia mashimo na kusafisha mitaro mwezi wa Mei na Juni, masika yanapomalizika, ni kazi ndogo kuliko kujenga barabara mpya, na faida yake huonekana msimu huo huo. Kazi hiyo ikifanyika Oktoba, sehemu ya mavuno imeshapita.

La pili ni mahali pa kuanikia. Karafuu zinazoanikwa pembeni mwa barabara au juu ya udongo huingia mchanga na kupoteza daraja. Chukua mfano wa mkulima mwenye kilo 100 kavu: tofauti ya daraja moja ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, amepoteza shilingi 200,000 kwa kukosa sakafu safi na majamvi. Shehia zenye mikarafuu mingi zingeweza kuwa na sakafu za pamoja, zilizojengwa kwa bajeti ya baraza na nguvu za wananchi.

La tatu ni fedha vituoni. Mkoa hauendeshi ZSTC, lakini mkuu wa mkoa ana sauti. Anaweza kuliita shirika na mabenki kabla ya msimu na kuuliza vituo vipi vitafunguliwa, siku gani, na kama mikopo ya uchumaji itawafikia wakulima wadogo kabla ya pishi la kwanza kuchumwa. Majibu hayo yakibandikwa kwa kila sheha, mkulima atajua kama asubiri au akope.

La nne ni miche. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na mikarafuu mingi ya kisiwa ni mikongwe. Kugawa miche ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuhesabu mingapi imeishi baada ya kiangazi cha kwanza, na takwimu hiyo ingefaa kuwamo katika ripoti ya kila wilaya.

Mwaka usio na karafuu

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya msimu mkubwa hufuata miaka ya uchache, na hapo ndipo maduka ya Konde, Kengeja na Mtambwe hukosa wateja. Kwa kisiwa chenye watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, kuitegemea karafuu pekee ni hatari.

Mwani, unaolimwa zaidi na wanawake, huleta fedha mwaka mzima, ingawa aina ya kotoni yenye bei nzuri imekuwa ikifa kutokana na joto la maji ya ufukweni. Makonyo nayo yana soko, kwani kiwanda cha Wawi hukamua mafuta yake. Mabonde ya mpunga yanahitaji kingo dhidi ya maji ya chumvi, ambayo tayari yameharibu mashamba katika baadhi ya maeneo ya pwani. Haya yote si mashindani ya karafuu. Ndiyo yanayompa mkulima akiba ya kulipia wachumaji msimu mkubwa unaporudi, bila ya kumkimbilia mtu wa magendo.

Doria za baharini zitaendelea kuwapo, na hakuna anayependekeza ziondolewe. Lakini doria hukamata gunia lililokwishaondoka shambani. Kiongozi atakayetumia miezi ya Aprili, Mei na Juni kushughulikia njia, sakafu na fedha za vituoni atakuwa amelizuia gunia hilo likiwa bado juu ya jamvi. Wananchi na madiwani wao wana haki ya kumuuliza jambo hilo kabla ya Julai, bajeti ikiwa bado inaandikwa.