Usimwombe Rubani Klipu Akiwa Anatua

Wasee, wacha nianze kwa kujichoma mwenyewe. Mwezi jana nilimwomba beshte yangu anirekodie video. Anasomea urubani hapa Nairobi, na siku hizi anaruka peke yake, mwalimu amebaki chini. Mpango wangu ulikuwa poa, ama ndivyo nilidhani: abandike simu pale mbele, azunguke uwanja, na akikaribia kutua aangalie kamera awasalimie wafuasi wangu. Sekunde kumi tu. Mnajua hizo ndizo klipu zinashika.

Alikataa. Hata hakucheka. Aliniuliza, "Na hizo sekunde kumi, nani ataangalia nje?"

Manze nilikasirika kidogo. Si kuna mnara? Si kuna redio? Na hiyo anga yote, utagongana na nani? Nikaenda kusoma nimwonyeshe vile anajifanya. Sasa naandika hii kusema alikuwa sahihi, na sisi watu wa kontenti, pamoja na marubani vijana wanaotupatia kontenti, tuache hii tabia.

Kwanza, anga si kubwa vile tunafikiria. Huko mbali ndio, iko nafasi. Lakini kila ndege, haijalishi imetoka wapi, mwisho inataka kipande kile kile cha ardhi. Ndio maana kuzunguka uwanja kuna njia inayojulikana, marubani wanaiita saketi. Ni kama mstatili: unapaa, unakata kona, unarudi sambamba na njia ya kurukia, unakata kona tena, halafu unajipanga kutua. Kawaida kona ni za kushoto, na mara nyingi urefu ni kama futi 1000 kutoka ardhini. Fikiria raundabauti saa ya jioni, ila hakuna anayeweza kusimama, na mwingine anaweza kuwa juu yako ama chini yako.

Kwa hivyo ndege kugongana hewani si mambo ya usiku na dhoruba. Mara nyingi hutokea mchana, anga ikiwa safi, karibu na uwanja. Yaani siku ile ile ambayo mimi ningesema mwanga uko sawa kwa video.

Na si hadithi ya mbali. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ilitoka Wilson ikielekea Diani na watu 44 ndani. Muda mfupi baadaye iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Kwenye Cessna walikuwa wawili, mwanafunzi na mwalimu. Wote walifariki. Sisemi simu ilihusika, na sinyooshei mtu kidole. Nasema tu ya kwamba Wilson ina mnara, na bado ilitokea.

Sasa fikiria viwanja ambavyo havina mnara, kama vile vidogo vya Mara watalii wanashukia. Hapo marubani wanajipanga wenyewe. Kila mmoja anatangaza kwenye redio yuko wapi na anafanya nini, na wengine wanasikiza.

Utaniambia, basi si hiyo redio inatosha? Haitoshi. Tarehe 18 Agosti 2022, kwenye uwanja wa Watsonville kule California, ambao hauna mnara, rubani wa Cessna 152 alikuwa peke yake akizunguka saketi. Cessna 340, ndege ya injini mbili, ikaja moja kwa moja kutua, na kasi yake ilikuwa juu sana kuliko kawaida ya kutua. Wote wawili walikuwa wakitangaza kwenye redio hiyo hiyo. Yule wa 152 aliona mwenzake anamjia mbio, akasema anaghairi kutua. Waligongana. Watu watatu walikufa. Kila mtu alikuwa amesema yuko wapi.

Ndio beshte akanifanyia hesabu. Chukua ndege mbili ndogo, kila moja kilomita 180 kwa saa, zikijiana uso kwa uso. Zinakaribiana mita 100 kila sekunde. Mafunzo ya Marekani yanasema rubani anahitaji kama sekunde 12.5 kuona ndege, kujua ni hatari, kuamua, na ndege yake kuanza kukwepa. Hiyo ni mita 1250. Sasa nyoosha mkono wako mbele. Cessna ikiwa umbali huo, ukucha wa kidole cha mwisho unaifunika yote. Na mimi nilikuwa nataka sekunde kumi za kutabasamu. Hiyo ni kilomita moja nzima bila mtu wa kuangalia.

Kuna kitu kingine kilinishtua. Macho yetu yanashika kitu kinachosonga. Lakini ndege ambayo mko njiani kugongana haisongi kwenye kioo. Inakaa pale pale kama doa, halafu ghafla inakuwa kubwa. Na Cessna nyingi za mafunzo zina mabawa juu, kwa hivyo ukilala kushoto kukata kona, bawa la kushoto linashuka na kuficha upande ule ule unaoingia. Ndio maana wanafundishwa kuinua bawa kidogo na kuchungulia kabla ya kona. Hiyo haifanyiki ukiwa unatafuta pozi.

Najua kuna vifaa vya kuonyesha ndege nyingine kwenye skrini. Ni vizuri, na ningependa kila ndege iwe navyo. Lakini kifaa kinaonyesha tu ndege inayojitangaza, na skrini nayo ni kitu kingine cha kukuvuta macho ndani.

Sipingi video za marubani, kusema ukweli. Kuna mtoto Kayole ama Kisauni anaona msichana wa miaka ishirini akiendesha ndege, anajua hata yeye anaweza. Hiyo ni kontenti ya maana. Lakini kamera iwekwe na iwashwe ndege ikiwa bado imesimama, halafu isahaulike mpaka injini izimwe. Hakuna kuiangalia, hakuna kuongea nayo. Salamu utarekodi ukiwa chini, umeegesha. Nani atajua? Sisi tunakata na kuunganisha kila siku.

Na wewe unayejifunza kuruka, ingia saketi vile wengine wanaingia, kwa urefu wao na upande wao, usijitafutie njia ya mkato. Sema ulipo kwa ufupi, kisha angalia nje kama vile hakuna aliyekusikia. Ukikosa kujua mwenzako yuko wapi, ghairi, toka, rudi tena. Mafuta ya mzunguko mmoja ni pesa, naelewa, lakini zinatafutika.

Hata wewe ukibebwa kwenye kindege kidogo, weka simu chini mkikaribia uwanja. Ukiona ndege nyingine, mwambie rubani, hata kama unadhani ameiona. Hatakucheka.

Beshte nilimwomba msamaha. Akanitumia picha moja, yeye amesimama kando ya Cessna, injini imezimwa, jasho limemshika. Ndio nitaiposti.

Kama una mtu anasomea urubani, mtumie hii. Asiisome tu akiwa juu.